Vitatange wa Baba

Juzi nilikwenda Usagara kumtazama mjukuu wangu, nikakuta sebuleni kwake sanduku la kioo lenye samaki wa baharini. Ana kimashine kinachopima chumvi ya maji na kulia chenyewe ikizidi. Yeye alikuwa akijisifu. Mimi, mwenzangu, niliomba kiti, nikalikumbuka tangi la baba.

Sisi mtaani Nguvumali, miaka ya hamsini, tulipima kwa chupa. Baba, karani wa serikali, alikuwa na vitatange wawili, samaki wa miambani wenye rangi ya manjano na nyeusi, ndani ya tangi la kioo alilounga mwenyewe kwa lami. Chupa ndogo ya dawa ya macho aliitia mchanga kiasi, akaiziba kwa nta ikaelea wima, na shingoni akaifunga uzi mwekundu. Uzi ukilingana na uso wa maji, chumvi ni ile ya bahari. Ukipanda, chumvi imezidi: tia maji ya mvua, kikombe kimoja kimoja. "Usiwe na pupa," aliniambia siku aliyokwenda Amani kikazi, siku kumi. Aliniachia mimi, binti wa miaka kumi, si kaka yangu mkubwa. Kaka alinuna, nami nikavimba kichwa.

Jua la kaskazi lilikuwa kali, maji yakapungua. Nilipochota kikombe kwenye pipa la mvua, bibi, mama yake baba, akanidaka mkono.

"We mke mwenzangu, samaki wa pwani wawatia maji ya mvua? Wataka kuwaua? Nenda baharini kachote."

Nani angebishana na bibi? Tena nilimwona ana haki. Kila siku nikabeba ndoo kichwani kutoka ufukweni, jasho la chumvi likiniwasha shingoni, nikajaza tangi. Siku ya sita uzi ulikuwa umepanda upana wa kidole. Maji yalikuwa yakikauka na chumvi ikibaki, nami kila siku naongeza nyingine. Niliuona uzi, nikaogopa, lakini nikaendelea kubeba ndoo. Siku ya nane, adhuhuri, kitatange mmoja akalala ubavu akafa.

Wa pili alikuwa akihema juujuu. Nikatoa kikombe cha maji ya tangi, nikachota cha mvua.

"Wamwua na huyo!" bibi akapiga kelele.

Kwa mara ya kwanza maishani sikumsikiliza. Nikamimina. Mkono ulitaka kumwaga ndoo nzima, nikauzuia. Kila baada ya sala, kikombe kimoja. Bibi alikaa mkekani na tasbihi yake, akitazama uzi ukishuka kidogo kidogo. Siku ya kumi kitatange alikula.

Baba akaingia jioni. Nilimwamkia, akaitikia macho yakiwa kwenye tangi.

"Mmoja yuko wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, bibi akasema, "Nimemwua mie, mwanangu. Mtoto alinikataza, sikusikia."

Baba hakuweza kumgombeza mamake. Alinishika bega, akaniambia nimemfaa kuliko mtoto wa kiume.

Lakini siku zile zote sikumkataza bibi hata mara moja. Agizo nilipewa mimi, na ndoo nilibeba mimi. Nyumba ile imeshabomolewa, wenyewe wametangulia mbele ya haki, na sina tena wa kunibebea kosa kwa mapenzi namna ile. Sifa nilizipokea nikanyamaza, na baba alikufa akiamini nilizistahili.