Kijiko cha Mama Kwenye Kisiagi

Darasani kwetu Kitale kulikuwa na sheria ambayo mpaka leo sijaisamehe. Kazi yako ya sauti ikishachezwa, na wenzako wakaanza kuijadili, wewe mwenyewe unakaa pale mbele kwenye kiti cha plastiki na unafunga mdomo. Hujibu, hutikisi kichwa, huguni. Ukijaribu kujitetea, mwalimu anainua kidole kimoja tu na unayameza maneno yako. Kipindi hicho tulikiita Kisiagi, kwa sababu unapeleka mahindi yako mazima na unarudi nyumbani na unga.

Nilikuwa nasomea utayarishaji wa sauti katika chuo kidogo kilicho nyuma ya maghala ya mahindi. Wengi wetu tuliingia tukitaka kurekodi nyimbo za injili na matangazo ya redio, kazi za kuleta ugali mezani. Mwaka wa pili tukakutana na somo la sanaa ya sauti, na mwalimu wake akatuambia tusahau mambo ya wimbo. Tutengeneze kitu kwa sauti za dunia kama zilivyo: bawaba ya mlango, injini, kikohozi. Hakuna ala, hakuna kwaya, hakuna wa kuimba. Nilipoeleza hayo nyumbani Bungoma, jirani yetu alimgeukia dada yangu akamwuliza, "Kwa hivyo huyu mtoto wenu anasomea kelele? Si angekaa tu hapa sokoni, ziko za bure."

Nilicheka nao, lakini kusema kweli nililipenda somo hilo kupita kiasi. Chumba chetu cha kurekodia kilikuwa stoo ya zamani iliyobandikwa trei za mayai ukutani. Mvua ya alasiri ikianza juu ya mabati, hapakuwa na cha kurekodi ila mvua, kwa hiyo tulijifunza kuwahi asubuhi. Tulijifunza pia kuvalisha simu soksi ya sufu ili upepo usiharibu kazi. Mwenzetu mmoja kutoka sehemu za Kwanza, karibu na Kitale, alirekodi mashine ya kukobolea mahindi, akaipunguza mwendo mpaka ikasikika kama mtu mzima analia chumba cha pili. Nywele zilinisimama. Kisiagi kikamsaga vilevile, na mimi sikubaki nyuma. Nilimwambia kazi yake ni ndefu kama mahubiri ya kabla ya sadaka.

Kwa kazi ya kumaliza mwaka, mwalimu alitaka kila mtu alete sauti anayoijua kuliko mtu mwingine yeyote. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi sikuwa na haja ya kufikiri.

Mama alikuwa anauza viazi katika soko la Bungoma, na sauti yake ilikuwa inamtangulia. Wateja walimsikia kabla hawajamwona, na wengine walinunua, nadhani, ili anyamaze kidogo. Asubuhi moja presha ikampanda akiwa anapanga viazi kwenye mafungu, akaangukia pale pale. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa na upande mmoja wa mwili na hakuwa na neno hata moja. Tuliambiwa maneno huenda yakarudi polepole. Tukayasubiri. Hayakurudi. Na kilichotumaliza ni kwamba akili yake ilikuwa nzima. Alisikia kila kitu, alielewa kila mzaha, alijua nani anadanganya. Mama yangu alikuwa mle ndani, amefungiwa, na ufunguo haukujulikana uko wapi.

Dada yangu mkubwa, aliyebaki kumtunza, ndiye aliyebuni kijiko. Alikifunga kitandani kwa uzi wa gunia kisianguke, akaweka kikombe cha bati karibu na ule mkono uliobaki na nguvu. Mama akigonga mara moja, anataka maji. Mara mbili, anataka kugeuzwa. Lakini akigonga bila hesabu, mara haraka, mara polepole, anaacha, anaanza tena, basi hataki kitu. Anataka mtu.

Na kwetu mtu akiitwa huitika. Hata kama una hasira, hata kama mikono iko kwenye unga, unaitika kwanza ndiyo ufikirie kama utakwenda. Mtoto anayeitwa akakaa kimya, watu humwuliza kama alizaliwa na jiwe. Kwa hiyo kijiko nacho tulikiitikia kama tulivyoitikia sauti yake ya zamani. "Eee, mama!" kutoka jikoni. "Eee, mama!" kutoka kwenye mahindi. Yeye akisikia hivyo, hulaza kijiko kwenye blanketi na kutulia.

Nilimwomba ruhusa nimrekodi. Alinitazama muda, kisha akafumba macho na kuyafumbua, ambayo kwake ilimaanisha ndiyo. Nikaivalisha simu soksi, nikaiacha mezani kando ya kitanda asubuhi nzima. Nikapata kijiko, jogoo, ufagio wa dada na kikohozi chake kikavu cha moshi, na kwa mbali trekta zikivuta miwa kuelekea kiwandani. Niliporudi Kitale nikakaa na sauti hizo katika stoo yetu ya trei za mayai, na hapo nikafanya jambo nililoliona la busara sana. Niliondoa majibu yote. Kila "Eee, mama" ya dada, kila "Niko hapa" yangu, nikaikata. Nikabakiza mtu anaita na hakuna anayeitika.

Nilikuwa na nia yangu. Nilitaka msikilizaji ashindwe kukaa. Nilitaka kule darasani, kati ya watu wote wale waliolelewa na mama wa kuitikiwa, mmoja tu mdomo umtoroke aseme "Eee!" Alama hazikunishughulisha. Nilitaka mama aitikiwe na mtu asiyemjua, ili nijue kwamba bado anasikika.

Siku yangu ya Kisiagi nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Kazi ikachezwa mpaka mwisho. Hakuna aliyeitika.

"Kijiko ni poa kwa mwanzo," mmoja akaanza, "lakini baadaye inaboesha, bana. Ati tunasikiza mtu akikoroga chai?"

"Mimi hiyo jogoo ndio nilipenda," akasema mwingine.

Yule mwenzetu aliyetoka Kwanza, ambaye huenda alikuwa anakumbuka nilivyoiita kazi yake mahubiri, alisema kwa upole mkubwa, "Hapo mwisho beat inapotea kabisa. Si ungekata hapo, urudie tu ile ya mwanzo? Ingetoka safi."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "Mwanzo una nidhamu," akasema. "Moja, moja, mbili. Msikilizaji anaanza kuamini kuna mpango. Halafu mwishoni mdundo unavurugika, kama mkono uliochoka. Mimi ningeiondoa sehemu hiyo yote."

Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa bila hesabu. Hapo ndipo mama alipokuwa anataka mtu. Nilifungua mdomo, na kidole kikainuka. Nikakaa pale na maneno yamenijaa mpaka kooni, nisiweze kutoa hata moja, watu wazima wakinizungumzia mbele yangu kana kwamba simo. Nilikuwa nimemhurumia mama kwa muda mrefu sana nikidhani namwelewa. Kumbe kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Baada ya kipindi nilimfuata mwalimu kwenye veranda. Nikamweleza: ni mama, hasemi, kule mwisho alikuwa anaita. Alivua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuwa mtu mbaya.

"Pole sana," akasema. "Sikujua."

"Sheria ilinikataza kusema, mwalimu."

"Lakini siku moja utaipeleka mahali ambapo hutakuwepo useme. Kazi lazima ijieleze yenyewe." Kisha akanipa ile methali yake aliyoipenda kuliko mshahara, kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo huo nilikuwa nimeusubiri nyumbani kwetu tangu mama aanguke, na sikuwa nimeusikia. Lakini sikumwambia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakukosea. Ikiwa darasa zima limekaa na mama yangu akiita na likasikia chai, basi sikuwa nimetengeneza kitu. Alama za kupita alinipa. Nilizipokea kama mtu anavyopokea chenji ya noti bandia. Wiki hiyo nilikata tamaa kabisa, sikugusa simu, sikugusa soksi. Niliona wazi kwamba mama amezimika na mimi ndiye niliyekuwa najidanganya.

Halafu nikajiambia kuna msikilizaji mmoja atakayeielewa bila maelezo. Chuo kilipofungwa nikampelekea.

Ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye miguu ya kitanda. Dada alikuwa nje anafua. Nikaweka simu mezani na spika ndogo niliyoazima, nikaketi kando ya mama. Sikumwambia ni nini. Nilitaka ijieleze.

Kijiko cha kwanza kilipolia, macho ya mama yalikwenda mlangoni. Kilipolia tena, yakaja kwenye meza. Akasikiliza. Kisha mkono wake ukatafuta kijiko chake mwenyewe, akagonga mara moja. Baada ya kitambo, spika ikagonga. Ilikuwa ajali tu ya pale nilipokata, lakini iligonga vizuri, kama mtu aliyesubiri zamu yake. Mama akagonga mbili. Spika ikanyamaza, kisha ikagonga. Ule upande wa mdomo wake uliobaki hai ukapanda. Sikuwa nimeuona ukipanda tangu aanguke.

Nilimwita dada. Alikuja na mapovu mikononi, akasimama mlangoni, akaziba mdomo.

"Wanaongea!" akasema. "Angalia, mama amepata mtu!"

Tulicheka, sisi wawili, mpaka machozi. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Kule Kitale walisikia chai ikikorogwa, na hapa mtu mmoja alikuwa ameitika, tena kwa njia pekee aliyobakiwa nayo. Aliposikia mtu anaita na haitikiwi, aliitika yeye. Kwetu ndivyo mtu alivyolelewa.

Kisha ikafika ile sehemu ya mwisho, isiyo na hesabu. Mama aliijua mara moja. Alijaribu kuinuka. Aligonga, akanitazama, akagonga, akanitazama tena, na macho yale niliyajua tangu utotoni. Yalikuwa yananituma. Kuna mtu anaita, na wewe umekaa? Nikabaki nimekaa. Ningeenda wapi?

Rekodi ikaisha. Mama akaendelea kugonga, anaacha kusubiri, anagonga tena. Kimya kile kilinitisha. Nikaicheza upya kutoka mwanzo.

Akagonga mara moja. Spika ikagonga palepale ilipogonga kwanza. Jogoo akawika palepale. Halafu spika ikatoa kikohozi cha dada, kile kikavu cha moshi, na dada mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya kitanda, mdomo umefungwa, mapovu yanamdondoka.

Mama alimtazama dada. Akatazama spika. Akatazama kijiko kilichokuwa mkononi mwake, na uzi wa gunia, na kikombe. Niliona akili ile nzima ikifika mahali. Alikilaza kijiko kwenye blanketi, polepole, bila kuitikiwa na mtu, akageuza uso ukutani.

Nilizima. Nikasema, "Mama, nilitaka watu wakusikie." Hakugeuka.

Nilirudi Kitale muhula ulipofunguliwa. Mahindi yalikuwa yameanza kuota, mvua inapiga mabati kila alasiri, na darasani tukaanza somo jingine, la matangazo ya biashara. Dada akapiga simu.

"Mama amekataa kijiko," akasema. "Toka uende hajagonga. Namwekea mkononi, anakishika tu hivyo. Jana nimetoka shamba nikampata midomo imekauka na kikombe kiko hapo hapo. Sasa mimi nitajuaje akitaka kitu?"

"Labda amechoka."

"Hajachoka. Wewe ulimwekea nini kwa hiyo simu?"

Ningeanzia wapi, kwenye sheria ya Kisiagi au kwenye trei za mayai? Mama alikuwa amempata mtu mwingine aliyefungiwa kama yeye, kisha akagundua kwamba mle ndani yumo peke yake. Mimi ndiye niliyempeleka akaone.

Nilipopata nafasi nilikwenda nyumbani. Nilimkuta macho wazi, anatazama dari. Nikaketi pale pale nilipoketi siku ile, nikachukua kijiko kwenye kiganja chake, hakukishikilia. Nikagonga kikombe bila hesabu, mara haraka, mara polepole, nikaacha, nikaanza tena. Nilitaka ajue kwamba na mimi nataka mtu.

Macho yake yaliteremka kutoka darini. Hayakuja kwangu. Yalikwenda mezani, kwenye simu yangu niliyokuwa nimeiweka huko bila kufikiri.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Ni mimi mwenyewe ninayegonga."

Alitazama mdomo wangu hadi nikamaliza, kisha akaitazama tena simu.