Sauti Yangu Katika Kipande cha Sita

Ilianza Jumamosi ya pili ya likizo ya mwezi wa sita, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Najua kwa sababu niliangalia saa ya simu ya dada kabla hajanivika hedifoni zake. Tulikuwa barazani kwa bibi, kijijini Rubya, kahawa imeanikwa uani, na zamu ya kuigeuza kwa reki ilikuwa yangu.

Dada amepanga chumba mjini, Nyanga, na akitoka kazini anatengeneza muziki kwa kompyuta. Mwaka mzima alihangaika na albamu moja: vipande vinane, hakuna anayeimba hata neno.

"Usiniulize ni muziki wa aina gani," alisema. "Mimi mwenyewe sijui. Funga macho."

Nikafunga. Ulikuja mdundo wa disko, lakini chini yake kitu kilikuwa kinachapachapa kwa unyevunyevu. Nikakitambua: miguu ya jirani yetu akikanyaga ndizi na majani ndani ya mtumbwi wa mbao, siku ya kukamua juisi. Juu yake kikapita kinanda kama cha kanisani, kikayeyuka, kikawa filimbi, kikawa upepo tu. Sijui vipande vya katikati viliishia wapi. Jua lilipita kwenye kope zangu, jekundu, na niliamini kabisa kwamba nikifumbua macho nitakuta ziwa limepanda mlima hadi uani kwetu, limetulia kati ya migomba.

Cha sita kilianza na mchakacho wa kahawa kavu ikiburutwa. Kisha mtu akaimba mdomo umefungwa, polepole, sauti nzito. Nikawaza, huyu mwanamume anajua. Halafu nikajitambua.

Nilizivua hedifoni haraka. "Umenirekodi lini?"

"Wiki iliyopita. Nilikuwa narekodi reki. Wewe ukaingia mwenyewe."

Niseme ukweli: mimi ni msichana, lakini shuleni wananiita Besi. Tangu kidato cha kwanza, nilipoitwa kusoma mbele ya darasa wakacheka, ninaongea kwa kunong'ona, na kwenye kwaya nasimama nyuma nachezesha midomo.

"Ule wimbo uliutunga lini?" dada akauliza.

"Sijatunga. Ni sauti ya pili ya wimbo wa kwaya. Ya kwanza sijawahi kujifunza."

"Kumbe! Ndiyo maana niliutafuta kichwani nikaukosa. Basi hiyo ya kwanza nimeibuni mimi bila kujua, kwa kinanda."

Bibi akatoka ndani akataka naye asikie. Alizishika hedifoni masikioni kwa mikono miwili, akasikiliza.

"Nani huyu?"

"Mjukuu wako huyu hapa, bibi."

"Mae waitu!" akamaka kwa kilugha. "Acha uongo. Huyu ni mtu mzima, ana shamba na watoto saba."

Dada alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nilitazama kahawa.

Alipotulia akaniambia, "Kesho kabla ya kurudi mjini naiweka albamu mtandaoni. Wenzako watasikia, sikufichi. Ukisema nikutoe, nakutoa. Kipande kitabaki kitupu, lakini nakutoa."

Niligeuza kahawa ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Nilitaka anitoe, na nilitaka kusikia tena. Niliomba hedifoni mara nne kabla jua halijazama, na kila mara nilijiambia nasikiliza reki tu. Mara ya nne nilisahau ni nani anayeimba. Alikuwa mtu anayetembea mbali kwenye ukungu, hana haraka, na nilitamani asifike.

Asubuhi, kabla ya misa ya kwanza, nilimkuta dada jikoni anapuliza moto. Nilimwambia asinitoe. Halafu nikamwambia kwamba pale katikati kinanda kinanifunika, aniongeze sauti kidogo.