Kisima Nilichomwelekeza Mjomba

Mwaka niliosoma Birmingham sikuweza kukaa kwenye kiti zaidi ya nusu saa. Nilikuwa nikifungua kitabu, nasoma kurasa mbili, halafu miguu inaanza kuniwasha. Nikawa navaa koti, nashuka ngazi na kutoka. Msichana Mwingereza tuliyeishi naye nyumba moja, mwanafunzi wa sheria, alikuwa akinisikia mlangoni na kuniuliza kutoka jikoni, "Unaenda wapi tena?"

"Sijui. Natembea tu."

Kwa muda mrefu aliamini nina mchumba ninayemficha.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kuangalia maji. Mji ule una mifereji mirefu iliyochimbwa zamani kwa ajili ya mashua za mizigo, na njia za miguu zimepita kando yake. Maji yenyewe ni meusi, yametulia, na bata wanaelea juu pamoja na chupa za plastiki. Nilitembea kilomita nyingi kando ya maji yale na sikuona mtu akichota wala mnyama akinywa. Nilijua ni upuuzi, lakini yaliniudhi. Nilikuwa nayatazama, ninageuka, kisha kesho yake narudi.

Mimi ni mtu wa Isiolo. Babu mzaa baba alizaliwa na askari Msomali aliyeletwa na wakoloni na akaishia kujenga hapo. Baba yangu anaendesha lori la mifugo kwenda Nairobi. Mama ni Mborana wa Sericho, mbali mashariki, ambako ndugu zake bado wanafuga ngamia na mbuzi. Tulilelewa Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, kwenye ploti yenye wapangaji saba na bomba moja la maji lililofunguliwa asubuhi mara mbili kwa wiki. Huenda ndiyo sababu nilisomea maji. Nilipopata ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya pili, mama aliwaambia majirani kwamba naenda kujifunza kuyaleta.

Tasnifu yangu ilihusu visima vya mashariki ya kaunti yetu, vile virefu vinavyochimbwa kwa mtambo na kuvutwa kwa jenereta. Nilikuwa na orodha iliyotengenezwa na mradi mmoja uliokuwa umeshafungwa. Ilikuwa orodha nzuri sana. Kila kisima kilikuwa na mahali pake, kina chake, na kwenye safu ya mwisho neno moja: kinafanya kazi, au hakifanyi. Nilikuwa nikiifungua kwenye kompyuta naona nchi ya mama yangu imepangwa mistari, na kwa muda kidogo roho inatulia.

Mwaka ule mvua ilikosa Sericho. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa akinipigia simu Ijumaa baada ya swala, akiwa amepanda kilima ambako mtandao unashika. Alikuwa mtu wa mzaha. Lakini Ijumaa moja sauti yake ilikuwa imekauka.

"Salaam aleikum, mtoto wa dada."

"Aleikum salaam, abuya. Hali ya huko?" Abuya ndivyo tunavyomwita mjomba kwa Kiborana.

"Hali ni mbaya. Kisima ya hapa imejaa watu. Unapanga foleni siku tatu, na ng'ombe ya watu wa mbali inaendelea kufika. Wewe si uko na kompyuta? Hiyo kompyuta inasema maji iko wapi?"

Alikuwa anatania, nadhani. Lakini mimi nilikuwa maktaba, na orodha ilikuwa wazi mbele yangu. Nilikuwa nimekaa miezi mitano katika mji usionihitaji kwa chochote, na hapa mtu alikuwa ananiuliza kitu ninachokijua. Nikapitisha kidole kwenye kioo.

"Kuna kimoja mashariki yenu," nikamwambia. Nikamtajia bonde lenyewe.

"Hiyo naijua. Si ilikuwa imekufa?"

"Imeandikwa kinafanya kazi. Kina jenereta. Kilitengenezwa."

"Una hakika?"

"Imeandikwa, abuya."

"Haya," akasema. "Kama ni wewe umesema."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mtu aliyepata cheo. Nilimweleza hata yule msichana wa sheria: kwamba nimekaa kwenye dawati Uingereza na nimewaonyesha ngamia wa mjomba wangu njia ya maji. Alipiga makofi. Tulipika wali pamoja, na kwa mara ya kwanza nilikula bila kusimama.

Ijumaa iliyofuata mjomba hakupiga. Nilipopiga mimi, simu yake ilikuwa imezimwa. Nikajiambia wako safarini. Siku ya tisa nikampigia mama.

"Kwani hawajakuambia?" mama akasema.

Wakati huo nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za maktaba, mchana, wanafunzi wakipita na vikombe vya kahawa mkononi. Mama alinieleza polepole, kwa sauti anayoitumia msibani. Walikwenda siku tatu na mifugo. Walipofika bondeni walikuta nyumba ya jenereta haina mlango wala jenereta. Bomba lilikuwa limezibwa kwa mawe. Ngamia walistahimili, wakasukumwa siku mbili zaidi hadi kwenye maji mengine. Mbuzi hawakuweza. Walianza kulala njiani mmoja mmoja, na waliokuja kufika wakahesabika kwa vidole.

"Mbuzi wa mjomba?" nikauliza.

"Ngamia ndio wa mjomba wako. Mbuzi walikuwa wa mke wake."

Nilikata simu bila kumuaga. Sikumbuki nilipitia wapi. Nakumbuka tu kwamba nilitembea hadi majengo marefu yakaisha na nyumba za matofali mekundu zikaanza, zote sura moja, na mvua nyembamba ikininyeshea kichwani. Mvua ile ndiyo iliyoniliza. Mzee mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa alisimama akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia hapana, asante, nikageuka na kuanza kurudi nilikotoka kana kwamba nina miadi.

Kesho yake nilimpigia baba. Alikuwa barabarani, akasimamisha lori kando ili anisikie vizuri. Nikamwambia nataka kuacha masomo nirudi.

"Ukirudi leo, hizo mbuzi zitaamka?"

"Hapana, baba."

"Basi unarudi kufanya nini?"

"Kuomba msamaha."

"Kuomba msamaha hutakosa nafasi," akasema. "Maliza kwanza. Halafu uje uombe ukiwa umemaliza." Nikasikia injini ikiguruma tena.

Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye ofisi iliyojaa ramani, mtu wa maneno machache. Nilikwenda kumwambia kwamba nabadilisha mada, nitaandika juu ya kitu kingine, mifereji ya Birmingham hata. Akaniuliza sababu. Nikasema orodha yangu haifai.

"Umejuaje? Umehakikisha visima vingapi?"

"Kimoja."

"Kwa njia gani?"

"Kwa mbuzi wa mke wa mjomba wangu," nikasema, kisha nikamweleza yote.

Aliweka kalamu chini. Hakusema pole, na nilimshukuru kwa hilo. Akaniuliza kama Sericho kuna simu. Nikasema zipo. Akasema, "Basi usiiache hiyo orodha. Ichukue mstari kwa mstari. Tafuta mtu anayeishi karibu na kila kisima, umuulize leo asubuhi maji yalitoka au hayakutoka. Hiyo ndiyo tasnifu yako."

Nilianza kwa watu wa ukoo. Mmoja alinipa namba ya mwingine, naye akanipa ya mwalimu, mwalimu akanipa ya dada mmoja mwenye duka la dawa. Nilipiga asubuhi na mapema kwa saa za Uingereza, kabla ya vipindi, nikizunguka chumbani na daftari mkononi. Wengine walidhani nimetoka serikalini, wakanijibu walichodhani nataka kusikia. Wengine walidhani nina mradi wa kugawa chakula, wakaanza kunitajia majina ya watoto. Nilijifunza kutouliza kama kisima kinafanya kazi. Niliuliza, "Chai ya leo umepika na maji ya wapi?"

Mwenye duka mmoja wa Kinna, mji mdogo wa kusini mwa kaunti yetu, Mmeru aliyehamia huko kulima vitunguu kisha akafungua biashara, alinisaidia kuliko wote. Alikuwa akisafirisha bidhaa hadi vituo vya mbali na kuvijua visima kama anavyojua wateja wake. Nilipomtajia kimoja kilichoandikwa kuwa kizima, alicheka hadi akakohoa.

"Ile ya shule? Ile ni ya kupigwa picha. Wageni walikuja, ikapigwa picha, wakaenda. Maji haijawahi kutoka hata ya kunawa mkono."

Nikaandika. Safu ya mwisho ya orodha yangu ilizidi kubadilika, na kila nilipobadilisha neno nilijiuliza ni nani mwingine aliyewahi kuliamini, na alikwenda na nini.

Mjomba alipiga baada ya miezi miwili. Aliniuliza baridi, chakula, kama naswali. Hakutaja mbuzi. Nilipoanza, "Abuya, kile kisima—" akanikatiza. "Wacha hiyo. Si mimi nilienda na miguu yangu? Hukunibeba." Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke ikisema kitu kwa ukali, na mjomba akafunika simu kwa kiganja. Aliporudi hewani aliongea juu ya ngamia mmoja aliyezaa. Nikajua kwamba yeye amenisamehe, na kwamba msamaha wake haukuwa ule ninaouhitaji.

Niliimaliza tasnifu. Ilipita, tena vizuri. Yule msichana wa sheria alinikumbatia kituo cha basi na kuniambia natakiwa kujifunza kupumzika. Wiki mbili baadaye nilikuwa Isiolo, na asubuhi ya tatu nikaenda na baba soko la mifugo kuchagua mbuzi jike wawili, wenye afya, wenye masikio marefu. Baba akanitafutia lori linalokwenda mashariki. Nilifika Sericho siku ya pili, nikiwa nimejaa vumbi hadi kwenye kope.

Mke wa mjomba alikuwa nje anasuka mkeka. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa. Alinisalimia kama anavyosalimiwa mgeni, si mtoto wa nyumbani. Mjomba alifanya kelele za furaha peke yake. Nikawashusha mbuzi, nikamwambia, "Mama, hawa nimekuletea wewe. Najua hawalipi."

Alisimama, akawafungua midomo akatazama meno, akawapapasa matumbo, akainua kwato moja baada ya nyingine.

"Hawa ni wa mjini," akasema. "Hawajui kutembea."

Kisha akakaa, na bila mimi kumuuliza akaanza kunitajia wale waliokufa. Aliwataja kwa rangi na kwa tabia: yule mweusi mwenye nyota aliyekuwa akizaa pacha, yule aliyekuwa akiiba majani ya chai, yule aliyelala wa kwanza na mtoto wake akakataa kumwacha. Alisema na mahali kila mmoja alipoangukia. Ilichukua muda mrefu. Mjomba alisimama akaenda kwa ngamia wake. Mimi nilisikiliza.

Alipomaliza aliniambia, "Nionyeshe hiyo karatasi."

Nikafungua orodha ya zamani kwenye simu, nikamtafutia mstari wenyewe. Hajui kusoma. Aliniomba nimwekee kidole chake hasa pale palipoandikwa kwamba maji yapo. Nikakiweka. Alitazama lile neno kwa makini, kama alivyotazama meno ya mbuzi.

"Futa."

"Hii siwezi kuifuta, mama, iko kwa watu wengi. Lakini nimeandika nyingine. Ya kweli."

"Hiyo nyingine itasomwa na nani?"

Nikarudisha simu mfukoni. Alinimiminia chai ya maziwa ya ngamia, akasogeza kikombe karibu yangu, tukakaa hapo hadi jua lilipopungua makali.

Siku hizi nafanya kazi hapa Isiolo, kazi ya visima hivyo hivyo. Sina subira ofisini; wenzangu wanasema kiti changu kitadumu kuliko vyao. Kwa wiki mbili kila mwezi niko barabarani. Mmoja wa wale mbuzi wawili alikufa kabla ya mwaka kuisha, mwingine akazaa, na habari zote mbili nilizipata kwa mama, kwa maana mke wa mjomba hakuwa akinipigia.

Mwezi uliopita alinipigia. Namba ilikuwa ya mjomba, nikadhani ni yeye.

"Watu wanasema Kinna imenyesha," akasema, bila salamu. "Ni kweli?"

Kompyuta ilikuwa mbele yangu, na ningeweza kumjibu jambo.

"Sijui, mama. Ngoja niulize."

"Uliza mtu aliyelowa," akasema, akakata.

Nikampigia yule mwenye duka wa Kinna. Simu ikaita hadi ikakatika. Nikasimama, nikaenda dirishani, nikapiga tena.