Jikleri kwenye Ncha ya Kitenge

Nikisikia harufu ya petroli, hata leo, namwona mama amebana kipande kidogo cha shaba kati ya midomo, anakipuliza. Tulikuwa na mashine ya kusaga mahindi uani kwetu, mtaa wa Manika, Kolwezi, na injini yake ndogo ilikunywa petroli ya chupa ya kando ya barabara, iliyochanganywa na maji na Mungu anajua nini kingine. Ikianza kukohoa, mama alifunga petroli, akafungua kikombe cha kabureta na kumwaga tope jekundu lililotuama chini, kisha akatoa kile kipande kiitwacho jikleri, chenye tundu jembamba la kupitishia petroli. Alikipuliza, akakiinua juani kuona kama mwanga unapita, akakirudisha. Ndipo alipoiwasha na kukaza skrubu ya pembeni taratibu, mpaka injini ianze kuzimia, halafu akailegeza kidogo kidogo mpaka ivume sawasawa. Baba ndiye aliyenunua mashine, lakini yeye alishinda kwenye mashimo ya shaba ya Mutoshi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa mama. Unga ulimkaa kwenye nywele, petroli ikamchubua midomo, na jioni aliketi juu ya gunia akiwa hana nguvu hata ya kuvua viatu. Mimi nilidhani mama wote hunuka petroli.

Msimu wa mvua ulioanza vibaya, shimo lilimfunika baba. Kwa desturi ya ukoo wake mali ya marehemu hurudi kwa ndugu zake, na mjane huachiwa watoto. Siku ya mazishi, kabla lori la kutoka Sandoa halijamleta tata mukubwa, kaka yake baba, mama aliinuka kwenye mkeka wa matanga akaenda uani. Nilimfuata. Alifungua kikombe cha kabureta, akatoa jikleri, akafunga kila kitu kama kilivyokuwa, kisha akaikaza kwenye ncha ya kitenge chake kwa fundo. Aliponiona hakushtuka. "Funga kinywa, mwana," aliniambia. "Hii njo bukari yenu." Mji mzima ulikuwa ukichimba shaba usiku na mchana, na ugali wetu sisi ulining'inia kwenye shaba ndogo kuliko punje ya haragwe.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tungempa jembe angeliuza. Tata mukubwa alikaa mpaka matanga yakaisha na akaendelea kukaa. Kitanda, redio, baiskeli, hata buti za baba zilizokuwa na matope bado, vyote vilikwenda. Ilibaki mashine. Kila asubuhi alivuta kamba; injini ilifura petroli, ikatema moshi mweusi, ikafa. Na kila asubuhi mama alijitwika beseni la mahindi akaenda kupanga foleni kwenye mashine ya mbali, akaipita ya kwake bila kuitazama. Wateja walituhama mmoja mmoja. Nilimchukia yule mzee, nasema wazi, na nilimwonea mama huruma iliyonizidi umri.

Mwishowe tata mukubwa alileta fundi wa Mutoshi, yule anayetengeneza pampu za wachimbaji. Fundi alifungua kikombe, akachungulia pale jikleri ilipokosekana. Kisha aligeuka akamtazama mama, ambaye mkono wake ulikuwa umeishika ncha ya kitenge. Mke wa fundi alikuwa akisaga kwetu, tena mara nyingi kwa mkopo. Fundi alikirudisha kikombe polepole.

"Tata, hii imekufa," alisema, akijifuta mikono. "Kuibeba mpaka Sandoa ni kujichokesha bure."

"Iko inalilia mwenyewe, marehemu," tata mukubwa akajibu, akarudi nyuma akijifanyia ishara ya msalaba.

Lori lilipoondoka na tata mukubwa, mama alisubiri hadi mlio wake ukakatika kabisa. Alifungua fundo, akapuliza, akarudisha jikleri mahali pake. Injini iliitika kwa mvuto wa kwanza. Mimi nilicheza uani kama mwehu, lakini yeye aliketi juu ya gunia tupu. "Mi nachoka, mwana," alisema. "Bitu byetu wenyewe, tunabificha sawa bezi." Wezi, sisi, wa mali yetu.

Leo mashine yangu ni ya umeme. Haina kamba wala kabureta. Ina swichi ukutani na fizibli moja, kile kidude kinachoungua umeme ukizidi. Redio hutangaza kwamba sheria inamlinda mjane, na paroko husema hivyohivyo, nami niliamini kwamba tumetoka mbali. Mwezi uliopita tulimzika mume wangu. Kabla machozi hayajakauka, shemeji zangu walikuwa wamesimama mlangoni mwa chumba cha mashine, wakiupima upana wa mlango kwa macho. Sikuweza hata kukasirika. Nilichoka tu, uchovu ambao nilihisi sikuuanza mimi. Mama, ambaye sasa ni bibi kizee, alikuwa ameketi kando yangu mkekani. Aliwatazama, akaniinamia sikioni.

"Fizibli yake," aliuliza, "inakalaka wapi?"

Vidole vyake vilikuwa tayari vinalegeza fundo tupu kwenye ncha ya kitenge chake.