Mzigo wa Pima Tena

Kaka yangu anaitwa Pima Tena, na jina hilo hakupewa na wazazi. Alilipata kwa madereva wa malori. Anafanya kazi kwenye mizani ya barabarani, pale lori linapopanda juu ya bamba la chuma ili uzito wa mzigo ujulikane kabla halijaendelea na safari, na neno analolitamka kuliko hata salamu ni hilo: "Pima tena." Dereva akishuka anatabasamu, pima tena. Dereva akishuka amenuna, pima tena vilevile, huenda amenuna ili aonekane hana cha kuficha. Amewanasa walioacha gurudumu la nyuma nusu nje ya bamba. Amewanasa walioshusha magunia kabla ya kona, wakayapitisha kwa pikipiki na kuyapakia tena mbele. Ukimwekea chai mezani, anaitazama kwanza.

Usidhani ni mtu mbaya. Kwetu ndivyo tulivyo. Marehemu baba aliaga dunia akiwa bado anamshuku fundi saa kwamba alimbadilishia mashine. Mama alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na wasaidizi wake wakitoka stoo ya sukari alikuwa akiwanusa viganja. Mimi nasuka nywele saluni, na mteja akinisifia sana najua anataka kunikopa. Shaka kwetu ni ya ukoo, kama wengine walivyo na visogo.

Kaka hana mke. Wachumba aliwahi kuwa nao, akawapima na kuwapima tena mpaka wakateremka wenyewe. Anaishi na Mama ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake ni hadithi ya mwenye nyumba. Miguu ya Mama iliacha kazi baada ya kiharusi, kwa hiyo siku za kliniki, na kila Jumapili anapotaka kuota jua uani, Kaka ndiye humbeba. Humpakata mikononi, akashuka naye ngazi polepole, kisha akampandisha. Na Mama si mtu mdogo. Ni mpishi aliyekuwa akikiamini chakula chake.

Siku moja wakipanda, mgongo wa Kaka ulibana. Hakumwangusha, alikaa naye pale pale kwenye ngazi, jasho likimtoka, mpaka jirani wa chini akaja kusaidia. Mimi kwangu ni chini kabisa, hakuna ngazi hata moja, lakini ni vyumba viwili vyenye mume, watoto watatu na cherehani. Sote watatu tulijua kwamba Kaka akishindwa kumbeba, Mama atahamia kwangu alale sebuleni. Na sote watatu tulijua hataki kuondoka kwa mwanawe. Hatukulisema.

Daktari wa viungo alimwambia Kaka asiweke tena chuma mabegani. Kaka alikuwa na jimu yake ndogo chumba cha nyuma: fremu ya nguzo nne, chuma kirefu na sahani za uzito zenye kutu, ambako alizoea kuchuchumaa na kusimama chuma kikiwa shingoni. Sasa basi. "Lakini miguu usiiache ilegee," daktari akasema. "Mama yako unatakiwa umbebe kwa miguu, si kwa mgongo. Tafuta mkono wa mkanda."

Mkono wa mkanda ni dude la chuma linalobanwa kwa pini kwenye nguzo ya fremu. Ncha yake inavishwa sahani za uzito, na sehemu fulani kuna kulabu. Wewe unafunga mkanda mpana kiunoni, unauning'iniza kwenye kulabu, unasimama juu ya vibao viwili, halafu unachuchumaa na kusimama. Uzito wote unavuta nyonga, mgongo unabaki mtazamaji. Yapo ya bei ya kununulia kiwanja. Kaka alitaka la bei ya mtu wa mshahara, na hapo ndipo mateso yetu yalipoanza, maana kitu cha bei nafuu mbele ya Pima Tena ni sawa na dereva anayepiga mluzi.

La kwanza lilikuwa kwenye simu. Picha inang'aa, kijana kajifunga mkanda, anacheka.

"Mtu aliyening'iniza uzito wa kweli hacheki," Kaka akasema. "Na picha hii hii nimeiona kwa wauzaji watatu. Nani kampiga picha huyu?"

"Kaka, si ununue tu?"

"Ili niuziwe mbuzi kwenye gunia? Mwulize tundu la pini lina upana gani. Utaona atakavyoanza kutafuna maneno."

Nikamwuliza. Muuzaji akajibu kwamba linaingia fremu zote duniani. Kaka akafunga simu kwa heshima zote, akaenda kunawa mikono.

La pili lilikuwa la mtu aliyekuwa akifunga jimu yake. Lilikuwa zito na zuri, jekundu. Tatizo likawa wekundu wenyewe. "Mbona fremu nzima imechakaa na hili peke yake lina rangi mbichi?" Kaka akachomoa funguo, akakwangua penye kiungo huku mwenye mali akipiga kelele. Chini ya rangi palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Mwenye mali akasema ni mchoro wa kiwandani. Tulirudi nyumbani na Kaka ana furaha kama kapata zawadi.

Ndipo siku hiyo hiyo, nikiwa jikoni kwao nawakaangia mayai, akapiga simu kwa muuzaji wa tatu, mwenye kiduka nyuma ya soko la vyuma. Alikuwa akitembea ukumbini huku na huku, sauti juu, kama anavyozungumza na madereva. Kwake kila kitu ni mzigo. Hata mto wa kulalia ni mzigo.

"Sikiliza, bwana. Mzigo huu nimeubeba miaka mingi, sasa mgongo umekataa. Nataka nitue... Hapana, sitaki kitu cha kifahari, nataka cha bei nafuu... Wewe niambie mzigo utashikwa na nini. Usije ukaanguka, halafu nikaambiwa ni ajali... Haya. Kesho nakuja kupaona mwenyewe."

Mlango wa chumba cha Mama ulikuwa wazi kidogo, kama kawaida. Mama hapendi mlango uliofungwa. Anasema una jambo. Nilipompelekea mayai akasema ameshiba. Nikala mimi.

Yule wa tatu Kaka alimpenda, kwa jinsi Kaka anavyopenda. Dude lake lilikuwa chuma kitupu, halina rangi hata tone, viungo vyote vinaonekana. Kaka akauliza lina dhamana gani. Mzee yule hata hakuinuka. "Usiniamini," akasema. "Ning'inia." Kaka akaning'inia. Akaniita na mimi nining'inie, nikiwa na sketi yangu ya kazini. Akamwita na mpita njia. Akapima tundu la pini, akapima tena, akapima urefu wa mkono kwa sababu mfupi mno humvuta mtu mbele, akauliza kama fremu itainuka, akaambiwa aikaze sakafuni kwa bolti. Mwisho akalipa, akitazama nyuma mpaka tulipoingia barabarani, akiwa na hakika kwamba pale palikuwa na ujanja ambao hakuuona.

Akalifunga, akaanza. Kila jioni akitoka kazini ulisikia vyuma vikigonga chumba cha nyuma. Wiki zikapita. Jumapili moja akanipigia simu, sauti yake siyo ile ya siku zote.

"Mdogo wangu, lile dude ni kiboko! Leo nimempandisha Mama bila kupumzika. Mwepesi kama mto. Mgongo hata haukujua."

Nikafurahi, halafu nikaacha kufurahi. Maisha yangu yote sijamsikia Kaka akisifu kitu kilichonunuliwa. Kuna mahali palikuwa hapajakaa sawa.

Wikiendi iliyofuata nikaenda kumwogesha Mama. Gauni lilimkaa vizuri kabisa, ndiyo maana macho hayakuona kitu. Mikono ndiyo iliyoona. Nilipomvua nikagusa mbavu. Nikageuza gauni ndani nje: mshono ulikuwa mpya, na kitambaa kilichokunjwa pembeni kingetosha kushona blauzi ya mtoto. Nikafungua kabati. Magauni yote yamepunguzwa.

Hasira zangu zikapata pa kwenda. Ng'ambo ya korido, ghorofa ile ile, anaishi jirani mshonaji, ambaye Kaka alimpa ufunguo ili mchana ampashie Mama chakula. Na jirani huyo, nilikumbuka, alikuwa amejaza mashavu. Nikavuka korido nikiwa na taulo begani.

"Dada, unakula chakula cha mama yangu?"

Alikuwa na futi shingoni na pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja. "Nakula," akasema. "Ananipa mwenyewe. Nikikataa ananifokea kama mtoto wa bweni. Kila siku anasema ameshiba."

"Na magauni?"

"Ndiye aliyeniambia niyapunguze. Akaniapisha nisiseme." Macho yakamjaa machozi. "Nilidhani ni ugonjwa, na kwamba mnajua, hamtaki ujulikane."

Nikarudi. Mama alikuwa amejifunika shuka hadi kidevuni, ananitazama kama anavyomtazama mtu anayetoka stoo.

"Funga mlango," akasema.

Nikajua kuna jambo.

"Ni kwako ndiko anakonipeleka, au ni kule wanakotunza wazee?"

"Nani, Mama?"

"Usinizungushe. Nilimsikia kwa masikio yangu. Mzigo ameubeba miaka, mgongo umekataa, anataka kutua. Anatafuta pa bei nafuu, kesho yake akaenda kupaona. Tena ulikuwepo, unakaanga mayai. Simlaumu. Nilikaa naye kwenye zile ngazi, nikamsikia anavyohema. Nikasema nikipungua kidogo, ataona bado ninabebeka. Na umeona? Hajasema tena habari za kutua. Juzi amenipandisha anaimba."

Nililia pale pale, bila haya. Mama akadhani nalia kwa kuwa nimekamatwa.

Kaka aliporudi nilimshika ukumbini, vumbi la barabara bado liko kwenye nyusi, nikamweleza yote. Hakubisha. Hakuuliza swali hata moja, yeye ambaye humwuliza mwuza maji maji yametoka wapi. Akakaa kwenye kiti cha viatu.

"Nilidhani ni miguu yangu," akasema.

Akarudia tena, taratibu. Kisha akainuka, akaingia kwa Mama, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, ule mzigo ulikuwa wa chuma. Nilikuwa nanunua kifaa cha mazoezi."

"Haya, baba," Mama akajibu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwajibia wasaidizi waliosema sukari imemwagika yenyewe.

Hakumwamini. Angemwaminije? Shaka ya Kaka imetoka kwake. Kwa hiyo Kaka akampakata, nikaona anavyouma mdomo sasa alipojua anachokibeba, akampeleka chumba cha nyuma, akamketisha kwenye kiti mbele ya fremu. Akajifunga mkanda, akauning'iniza, akachuchumaa na kusimama. Mama akatazama. Akataka asogezwe karibu. Akashika kulabu, akashika mkono wa chuma, akapitisha kidole kwenye kiungo.

"Na hizi?"

"Sahani."

"Sahani!" Mama akanigeukia. "Chuma chenye tundu katikati ndiyo sahani?"

"Ndivyo zinavyoitwa, Mama."

"Na mzigo ndio huu?"

"Ndio huo," Kaka akasema. "Mama, dude hili nimelinunua ili uwe mzito unavyotaka. Sasa wewe unajipunguza, mimi ninafanya mazoezi ya nini?"

Mama akapapasa ukingo wa ile sahani. Niliogopa kweli, kwa sababu mtu wa umri ule akizoea kutokula, tumbo nalo husahau. Mwishowe akaniambia nimletee supu, lakini aletewe hapo hapo, aone kama akila chuma kinaongezwa. Alikula nusu. Kaka akavisha sahani moja ndogo. Mama akakodoa macho, akala iliyobaki.

Ndivyo walivyoendelea, chakula cha jioni kikawa kinaliwa chumba cha nyuma penye harufu ya kutu, na jirani mshonaji akawa na kazi ya kufumua mishono aliyoishona. Siku za kurudi nyuma zilikuwepo. Siku nyingine Mama alisukuma bakuli na kusema sisi wote ni waongo.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyuma yao kwenye ngazi, nimebeba kiti cha uani. Kaka alipanda akihema, shingo imelowa, na mlangoni akaegemea ukuta akiwa bado amempakata.

"Mzito?" Mama akauliza.

"Mzito, Mama."

"Unanidanganya ili nile."

"Haki ya Mungu, mzito."

Mama akamtazama usoni, akamtazama kwenye mikono, kisha akatazama ngazi tulizotoka.

"Pima tena," akasema.

Kaka akageuka, akaanza kushuka naye.