Siku Wadai Walipokuja Kuposa

Moshi wa mikaratusi ukichanganyika na harufu ya unga uliochachuka, basi mimi sipo tena pale nilipo. Naweza kuwa nimesimama kwenye foleni ya benki na viatu vyangu vya heshima, lakini harufu hiyo ikipenya dirishani narudi uani kwetu Nengo, mjini Gisenyi, miguu peku, masizi puani, nikisubiri mkate wa kwanza utoke. Mkate wa kwanza ulikuwa wangu kwa sababu kila mara uliungua chini. Mama aliniambia mkate ulioungua unampa mtoto sauti nzuri ya kuimba. Niliuamini uongo ule miaka mingi, na kwaya ya kanisani ndiyo iliyoteseka.

Mama alioka kwenye tanuri la matofali lililojengwa na Baba mwenyewe, na kwa hiyo liliinama upande mmoja. Wazazi wangu walizaliwa Karagwe, Tanzania, wakarudi Rwanda watu wazima. Ndiyo maana kwetu tukigombana tuligombana kwa Kiswahili, Kinyarwanda tukakiweka kwa ajili ya wageni na sala. Kila asubuhi Mama alivuka mpaka kwenda Goma na beseni la mikate kichwani, akapita mlango kwa mlango, akarudi mchana beseni tupu na habari tele. Hatukuwa matajiri, lakini hatukulala njaa.

Kisha hoteli moja ya kando ya ziwa ikaanza kuagiza mikate mingi kila siku, na Mama akapata tamaa. Akakopa benki, akanunua oveni ya umeme, ndefu kuliko Baba, inayong'aa hata unaweza kujitazama meno. Benki ilitaka mdhamini. Mama Zawadi, jirani yetu mjane, Mwislamu aliyeolewa Gisenyi kutoka Goma, akaiweka nyumba yake dhamana. Alibonyeza kidole gumba kwenye karatasi za benki akicheka, akasema malipo yake ni maandazi ya moto kila Idi.

Jamani, ile oveni! Ilikula umeme kuliko sisi tulivyokula mikate. Na kabla haijapata hata mkwaruzo, hoteli ikafungwa, mwenye hoteli akaondoka na pesa za mikate ya Mama mfukoni. Unga nao ulikuwa wa mkopo, kutoka kwa Papa Moïse, mfanyabiashara mnene wa Goma aliyependa kucheka. Kufikia wakati huo Mama alikuwa akisikia pikipiki inasimama nje anaacha kuzungumza.

Hapo ndipo alipoingia Mjomba Fred, kaka yake Baba, ambaye kwa haki nilipaswa kumwita baba mdogo, lakini alikulia Uganda na alipenda kuita kila kitu kwa namna yake. Alivaa tai hata Jumamosi. Alikuwa ameongea na wakili, akaja amejaa maneno.

"Shemeji, sheria ipo," akasema. "Unakwenda mahakamani unaomba utangazwe umefilisika. Mali iliyopo inauzwa, wanaokudai wanagawana, kinachobaki kinafutwa. Kwa muda hutaruhusiwa kufanya biashara, lakini utalala usingizi."

Wengine walisikia neno kufilisika wakanywea. Mimi nilisikia kwamba Mama hataruhusiwa kufanya biashara. Yaani hatakwenda tena Goma alfajiri! Atakaa nyumbani, atanisuka nywele kabla ya shule badala ya Baba, aliyekuwa akinisuka kama anafunga mzigo kwenye baiskeli. Usiku ule niliomba kwa bidii, mikono nimeibana: Mungu wangu, Mama afilisike.

"Na Mama Zawadi?" Mama aliuliza palepale, Mjomba alipomaliza kusema.

Mjomba Fred akavua miwani akaipangusa kwa tai. "Mdhamini ni habari nyingine," akasema. "Wewe utaachiwa. Yeye hataachiwa. Benki itakwenda kwake."

Mama akainuka. Alikwenda kukanda unga, na siku hiyo aliupiga mpaka kuku wakakimbia uani. Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na upande wa mahakama na upande wa kuvumilia, na Mama alihama kutoka huku kwenda kule mara nyingi kwa siku. Asubuhi alisema nitakwenda, hakuna aibu, sheria imewekwa kwa ajili ya watu kama mimi. Jioni alimwona Mama Zawadi akifagia kizingiti chake, akasema siwezi. Mwishowe akaamua kuwaita wanaomdai, awaambie ukweli uso kwa uso, wakiwa wamekula.

Sasa, ili mnielewe, lazima mumjue Baba. Baba alikuwa fundi wa pikipiki, lakini mtaa mzima ulimjua kama msemaji wa mahari. Kwetu, wageni wakija kuposa, huwekwa upande mmoja, wenyeji upande wa pili, wanatazamana, na kila upande una mzee wa maneno. Hakuna anayesema jambo moja kwa moja. Wenyeji wanajifanya hawajui wageni wamefuata nini, wanakataa, wanatania, na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo. Baba alikuwa bingwa. Viti vya plastiki vya kukodi tulivipanga wenyewe, na kwa mazoea tukavipanga pande mbili zinatazamana. Hakuna aliyeona kosa.

Wakaja. Papa Moïse na suti ya kahawia, kijana wa benki na begi lake, na Mama Zawadi, ambaye hakuna aliyemwita, akaenda kukaa upande wa wanaodai. Wakanywa chai, wakala mikate ya gunia letu la mwisho. Baba akasimama kuwakaribisha. Yampayinka, jamani! Maskini, hotuba nyingine hakuwa nayo.

"Wageni wetu," akaanza, "tumewapokea, mmekunywa, mmekula. Sasa tuambieni, mmepotea njia, au kuna kitu mmekiona kwetu kikawapendeza?"

Mama akajifunika uso na kanga. Mjomba Fred akakohoa. Lakini Papa Moïse alikuwa amekula mahari nyingi maishani mwake. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Bon. Sisi hatukupotea njia," akasema. "Tulisikia humu ndani iko binti yetu. Anaitwa Pesa. Tulimutuma kutembea kwenu, donc tumekuja kumurudisha nyumbani."

"Pesa?" Baba akashangaa kweli kweli. "Hapa? Huyo binti alipita, akatusalimia, akaendelea na safari."

Hata kijana wa benki, aliyekuja amekunja uso, akashindwa. Akasema yeye ni upande wa bibi mkubwa, deni la benki, na bibi mkubwa huyo kila mwezi anaongeza umri kwa riba. Tulicheka mpaka majirani wakapanda ukuta kuona ni binti gani anaposwa. Mimi niliamini kwamba mambo yamekwisha, maana sijawahi kuona watu wakicheka hivyo halafu wakaenda mahakamani.

Mama hakucheka. Alisimama, sauti yake ikakata kicheko.

"Sina," akasema. "Sina pesa. Naweza kwenda mahakamani, wakaniachia, nanyi mkagawana oveni. Nimewaita mnisikie kwa mdomo wangu."

Ndipo Mama Zawadi akafungua fundo la kitenge chake, akatoa funguo, akaziweka mezani kati ya vikombe.

"Wende kwa tribunal, mwanangu," akasema. "Mi niko muzee, nyumba yote ile ya nini? Wachukue. Mi nitaenda kwa Zawadi yangu. Iko na nyumba kubwa kule Goma, kila siku ananiita. Hata wewe unajua."

Mama alimtazama muda mrefu. Akachukua zile funguo, akapiga magoti mbele yake, akazifunga tena kwenye fundo la kitenge kwa mikono yenye unga.

"Basi siendi," akasema, machozi yanamtoka. "Nitalipa. Sijui lini, lakini nitalipa."

Papa Moïse akajipiga paja. Akasema upande wa wageni umesikia, binti hayuko tayari, na wao hawana haraka. Watakuja kumuona kila juma, na wakija wapewe mukate. Kijana wa benki akaahidi kuomba muda urefushwe, na ulirefushwa. Oveni ikauzwa kwa bei ya kutupa. Mama akarudi kwenye tanuri lake lililoinama, na kwa miaka mingi deni la unga lilikwenda Goma kichwani, mkate kwa mkate. Mimi nilimwita Papa Moïse baba mkwe mpaka nikaona haya. Nywele zangu zikabaki mikononi mwa Baba.

Siku hizi watu huniuliza kuhusu madeni, maana nafanya kazi na wafanyabiashara wadogo. Mwaka jana nilimwambia mwanamke mmoja nenda mahakamani, mama, omba ufilisi, na nilisema kwa moyo mweupe. Hakuwa na mdhamini wala kitu cha kuanzia, na watoto wake walikuwa hawalali kwa hofu. Alikwenda, na leo anacheka. Sina kiburi cha kusema njia ya Mama ndiyo ya kila mtu.

Lakini kuna jambo nililochelewa kulijua. Nilikuwa tayari mtu mzima Zawadi alipojifungua mtoto wake wa mwisho, nikavuka kwenda Goma kumpongeza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika kwake. Kilikuwa chumba kimoja cha mbao, cha kupanga. Kitanda, jiko, mkeka wa watoto, basi. Sisi wageni tulikaa nje. Nikauliza, kijinga tu, walihama lini kutoka ile nyumba kubwa.

"Nyumba gani?" Zawadi akacheka. "Watoto yangu yote nimezalia humu."

Niliporudi nilimkuta Mama uani anakanda. Nikamwambia nilichokiona, nusu nalia. Hakuacha kukanda.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Mwanangu, mkate pale nilikuwa napeleka kila asubuhi, tangu kabla ya ile oveni."