Naitrojeni ya Ng'ombe kwa Barafu ya Yuropa

Safari hii ilianza na simu ya Chepkorir, binti ya dada yangu, anayesomea barafu katika maabara moja nje ya Naivasha. Lori la kuwaletea naitrojeni, ule umajimaji wenye baridi kali unaofuka ukungu, lilikuwa limekwama njiani. "Anko, uko na ngapi kwa mtungi?" aliniuliza. "Barafu yangu ikipata joto leo, kazi ya miezi yote imeenda."

Mimi kazi yangu ni kupandisha ng'ombe hapa Kuresoi, na mbegu za mafahali huzitunza ndani ya naitrojeni hiyohiyo. Nilichovya kijiti mtungini, nikakipunga hewani na kutazama barafu ilikoshikia, maana hapo ndipo naitrojeni inapofika. Nusu na ushei. Kasoro ni kwamba jirani yangu Mzee Langat alikuwa ameniambia alfajiri hiyo kuwa ng'ombe wake anatafuta fahali, na anayeonyesha dalili asubuhi hupandishwa jioni. Nikamwahidi mzee nitarudi jioni, nikaondoka na mbegu zangu humohumo mtungini, maana nje ya baridi ile hazina maisha.

Kutoka Molo hadi Nakuru niliendesha pikapu polepole, mtungi nimeufunga nyuma kwenye upepo, kwa kuwa ndani ya gari ukungu ule unaweza kukunyima pumzi.

Kikopey malori yalikuwa yamefunga barabara. Moshi wa nyama choma ulikuwa unapita juu ya gari langu, na ukungu wa mtungi unapita chini yake. Muuza nyama mmoja akasogea. "Boss, unachoma nini huko nyuma?" Nikamwambia ni baridi. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili, na mimi sikuwa na hamu ya kucheka, kwa sababu kila dakika naitrojeni ilikuwa inakwenda na upepo.

Naivasha nilimkuta Chepkorir amesimama nje ya mlango, chupa tupu ya chuma mkononi. Ndani kulikuwa na chombo cha chuma cha pua chenye dirisha dogo la kioo. Alinieleza haraka haraka. Sayari ya Mshtarii, ile shuleni tuliyoiita Jupita, ina mwezi uitwao Yuropa, umefunikwa na barafu, na wanasayansi wanaamini chini ya barafu hiyo kuna bahari ya chumvi. Yeye aligandisha maji ya chumvi, akanyonya hewa yote chomboni, kisha akayapiga kwa miale kama Mshtarii inavyoupiga mwezi wake, mpaka chumvi nyeupe ikawa ya manjano. Darubini nazo zimeona manjano kama hiyo kule. Ila ikipata joto, rangi hufifia, na alikuwa bado hajamaliza kuipima.

Nikamimina. Ukungu ulimwagika juu ya viatu vyetu, na namba za kipimajoto zilizokuwa zikipanda zikasimama, kisha zikaanza kushuka. Nikainama dirishani. Rangi ilikuwa ileile ya jiwe la chumvi ambalo ng'ombe wangu hulilamba zizini. Nilishikwa na hofu nzuri, ile inayomfanya mtu avue kofia. Mahali ambapo hakuna mtu atakayekanyaga maishani mwangu, nilikuwa nimepatazama.

Alipima mpaka alasiri, nami nikimwongezea kidogo kidogo na kuchovya kijiti. Mwishowe akafuta macho kwa mkono wa koti. "Imekaa, anko. Rangi imekaa." Nikafunga mtungi, nikaubeba garini.

Kurudi, Kikopey sikusimama. Nakuru nilichovya kijiti, Molo nikachovya tena, na kila mara barafu ilishikia chini zaidi.

Kuresoi giza lilikuwa linaingia. Mzee Langat alikuwa mlangoni pa zizi. "Umetoka wapi umechelewa hivi?"

Juu ya zizi Mshtarii ilikuwa imeshawaka. Nikamwonyesha kwa kidole. "Huko."

Aliangalia juu, kisha akaangalia mtungi. "Na gesi imebaki?"

Nikachovya kijiti, nikakipunga. Barafu ilishikia kina cha vidole viwili.

"Hiyo inatosha," akasema. "Ingia, ng'ombe inangoja."